Harusi ya Namba Tisa

Niliozwa ili nisiende Mombasa. Nasema hivyo hivyo, wazi, maana watu wa Malindi hadi leo wanapenda kuisifu ile harusi yangu: ati pilau ilikuwa ya kula na kusaza, ati mashabiki walipiga ngoma tangu uwanjani hadi mlangoni, ati mtaa wetu wa Shella haujaona tena harusi kama ile. Pilau ilikuwa nzuri, sikatai. Mbuzi wa Idi naye hulishwa vizuri.

Nilikuwa mshambuliaji, namba tisa. Kwetu ni Mambrui, na nilihamia Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya timu moja ya Shella kuniona nikicheza pekupeku kule kwetu ikanitaka. Sikuwa mrefu, wala sikuwa na mbio za kutisha. Nilichokuwa nacho ni kwamba mpira ukifika mbele ya goli, mimi nilikuwa nimeshafika kitambo. Mabeki walibaki kugombana wao kwa wao, "We, si nilikwambia umshike!", na kipa huyo anaufuata mpira kwenye minazi, maana wavu hatukuwa nao kila siku. Nilikuwa na kiburi, na sijutii. Mshambuliaji asiye na kiburi aende akauze mbata.

Mwenyekiti wa timu alikuwa mzee wa mjini, muuza boriti na misumari, kanzu yake imepigwa pasi hata siku ya mvua. Alinipa kazi dukani kwake na chumba nyuma ya ghala. Nikimwamkia, "Shikamoo mzee," alikuwa akijibu, "Marahaba mwanangu," kwa sauti laini mpaka nikadhani ananipenda. Lo! Alikuwa anapenda miguu yangu tu.

Siku moja baada ya mechi akanijia mtu wa timu kubwa ya Mombasa. Hakusema mengi. Alinitajia Jumamosi ya wiki ya pili, akaniambia niende na njumu zangu, kocha wao anataka kuniona kwa macho yake. Mimi na mdomo wangu, sikulala nayo. Nilimwambia muuza kahawa, nikamwambia kinyozi, na asubuhi nikaenda kumwambia mwenyekiti mwenyewe nikidhani atafurahi.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka kesho, kwamba hata hasira hakuonyesha. Alinialika chakula cha mchana, wali wa nazi na changu wa kukaanga, akanikatia samaki kwa mkono wake. "Mwanangu, Mombasa ni mji mkubwa," akaniambia. "Utaingiaje mji ule bila mke? Mimi nina binti."

Hebu fikirini. Mimi, mtoto wa Mambrui, nalala nyuma ya ghala na harufu ya boriti, naambiwa na mzee wa Shella ana binti! Huyo binti nilikuwa nimemwona akipita na vitabu vyake, buibui limemkaa vizuri, hakutazama upande wangu hata kwa bahati mbaya. Nilisema "Naam, mzee" kabla hajalimaliza neno. Baadaye ndipo nikasikia nikahi itakuwa Alhamisi, siku mbili tu kabla ya ile Jumamosi yangu.

"Na Mombasa, mzee?" nikauliza.

Akacheka. "Mombasa haihami."

Mahari yenyewe ilitoka kwenye mfuko wa timu, zile fedha za jezi mpya. Msimu ule mzima tulicheza na jezi zilizotoboka makwapani, na hakuna aliyethubutu kulalamika, maana waliambiwa ni kwa ajili yangu.

Siku ya nikahi nilikaa mbele ya sheikh, kanzu mpya inaniwasha shingoni. Kama ilivyo desturi, walitumwa watu wawili waende mlangoni kwa biarusi wakamuulize kama ameridhia: katibu wa timu, na ami yake yule binti. Mwanamwali huwa hajibu. Akinyamaza, kimya chake ndicho "ndiyo" yake. Walikwenda, wakarudi haraka, katibu akasema, "Amenyamaza, sheikh. Ameridhia." Watu wakashusha pumzi, sheikh akanishika mkono, nikaozwa.

Halafu fungate. Bwana harusi akishaingia ndani, siku saba hatoki. Unasingwa mwili kwa manukato, unaletewa tambi, mkate wa mayai, kuku wa kupaka, na ukitia mguu nje watu wanasema umemkuta mtoto wa watu na ila. Yule mzee alilijua hilo vizuri. Jumamosi ilipofika nilisimama, nikatafuta viatu vyangu, nikamwambia somo aliyekuwa akituhudumia kwamba natoka mara moja, narudi. Alijipiga kofi mdomoni kwa mshtuko. "Umwaibishe mtoto wa watu kwa mpira?" Na kwenye baraza ya nje, amini usiamini, alikuwa amekaa katibu wa timu, anakula kashata, anatazama mlango. Nilirudi kitandani nikakaa. Biarusi alikuwa ameelekea ukutani, na hakugeuka siku ile nzima. Nilidhani ni haya.

Fungate ilipokwisha nilikwenda Mombasa. Yule mtu wao alinipokea langoni, hata ndani hakunikaribisha. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. "Mbona hukuja, bwana?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa fungate. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilirudi Malindi nimefura, na sidhani kama nimewahi kupoa sawasawa tangu siku hiyo.

Niliendelea kufunga mabao ya Shella, kwa hasira sasa. Kila bao nililolifunga nilimgeukia mwenyekiti pale alipokaa kwenye kiti chake cha kukunja, naye alikuwa akinipungia mkono, hana habari. Kisha, kwenye uwanja mmoja wenye mawe, beki akanirukia gotini na mambo yangu ya kucheza yakaishia hapo. Nililazwa, goti limevimba, na mkwe wangu akaja na machungwa. "Usihuzunike. Tutakupa timu uifundishe."

Kusema kweli, ukocha niliuweza. Niliwakimbiza vijana asubuhi kwenye mchanga laini mpaka wakanitukana kimoyomoyo, nikawafundisha kufika kabla ya mpira. Lakini nyumbani nilikuwa mtu mzito. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa nikifungua redio nisikilize ligi kuu, nikikaa nayo karibu na sikio, na kila mshambuliaji akikosa bao nikipiga kelele, "Pale ningekuwa mimi! Pale palikuwa pangu!" Mke wangu alikuwa akiinuka anakwenda jikoni. Mwanamke msafi, mpole, hana maneno mengi, amenizalia watoto wawili, na sikupata kumsikia hata siku moja akiutaja mpira. Mimi nikajisemea huyu hapendi mpira, basi.

Tulikuwa katikati ya miaka ile ya ukocha nilipompata kijana wa Kakuyuni. Nilimwona akicheza kwenye shamba lililovunwa mahindi, mabua bado yamesimama, na bado alikuwa akigeuka na mpira kama yuko kwenye sakafu. Baba yake, Mgiriama mkulima wa mahindi na korosho, alisilimu zamani, na kijana mwenyewe alisoma chuoni Kurani yake vizuri. Siku ya kwanza nilipomleta uwanjani, mkwe wangu aliniinamia sikioni akaninong'oneza, "Watu wa nyika hawa, watajua nini zaidi ya kupanda muhogo?" Mazoezi yalipokwisha kijana akaomba maji nyumbani kwa mwenyekiti, akatolewa kopo la nje, lile la vibarua na wapita njia. Niliona kwa macho yangu.

Basi kijana akaanza kufunga. Akafunga Kilifi, akafunga Malindi, akawafunga watu ambao mimi mwenyewe walikuwa wakinisumbua. Wazee wakawa meno nje. Likatoweka lile kopo, ikaja gilasi, tena ya sharubati, na "mtu wa nyika" akawa "mwanetu". Wallahi nilitamani kuwatapikia.

Mombasa nao wakasikia. Akaja mtu wao, akamtajia kijana Jumamosi, akamwambia aje na njumu zake. Nilifurahi siku ile, na mimi si mtu wa kufurahi ovyo. Nikamwambia, "Nenda, na usiangalie nyuma, wala usimwambie mtu." Lakini Malindi hiyo, utaficha nini? Kabla ya wiki kwisha mwenyekiti aliniita dukani. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anahesabu tasbihi.

"Yule kijana tumuoze," akasema.

"Mke gani?"

"Mdogo wa mkeo."

Shemeji yangu! Mtoto wa kidato cha tatu, yuko bweni Kilifi, ana akili mpaka walimu wake walikuwa wakimtolea mfano. Walikuwa wamekwisha kumwita nyumbani kwa kisingizio cha mama kuumwa. Na yule mzee, ambaye maisha yake yote asingekubali mtu wa bara akae kwenye mkeka wake, leo mabao yamemtia kijana kwenye ukoo! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Nikahi lini?"

"Alhamisi."

"Na Jumamosi anatakiwa Mombasa."

"Mombasa haihami," akasema.

Maneno yale yale! Hakujisumbua hata kuyabadilisha. Akaniambia kazi yangu mimi ni kumlainisha kijana tu, kwa kuwa ananisikiliza. Niliondoka bila kuaga, nikapiga teke gunia la misumari njiani, na goti likanikumbusha kwamba mimi si mchezaji tena.

Nilikwenda Kakuyuni kumwonya, na huko nikakuta balaa jingine. Kijana amefurahi! Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani. "Kocha, mimi nioe Shella?" akaniuliza, macho yanametameta. Nikamweleza habari ya fungate yangu, ya yule mtu wa Mombasa aliyecheka mpaka akashika ukuta, nikamwambia wanakufunga kamba, hujui tu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Lakini kocha," akasema, "wewe si umepata mke mwema?"

Nilimwita mjinga nikapanda baiskeli yangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa akikanda unga wa chapati. Nikamwaga yote, kwa kelele, nikaapa kwamba nitakwenda nikamshike babake ukosi mbele ya watu. Aliacha kukanda. Mikono yake ikiwa bado ndani ya unga, akasema, "Usipigane na baba. Omba wewe ndiye uwe shahidi wa mlangoni."

"Nini? Mimi nataka ndoa isiwepo, wewe unanituma nikaishuhudie?"

"Omba tu. Na utakachosikia mlangoni, useme hicho hicho."

Nilikasirika naye pia. Nilimwambia ana damu ya babake. Akaendelea kukanda. Lakini niliomba, na mwenyekiti alifurahi sana, akadhani nimelainika.

Alhamisi baada ya alasiri tulijaa sebuleni kwake. Udi unafuka, kahawa inapita, mashabiki wamejazana barazani na ngoma zao tayari. Kijana wa Kakuyuni amevaa kanzu ya kuazima, mikono imemfika kwenye vidole, anatabasamu bila kujua amtazame nani. Baba yake amekaa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza anapewa kikombe, si kopo. Yule sheikh, ambaye hakuwa mtu wa mpira wala wa mwenyekiti, akatuambia mimi na katibu twende kwa biarusi.

Katibu alisimama nje ya pazia akakohoa. Akamuuliza binti, kwa jina lake na jina la kijana, kama ameridhia kuozwa. Kimya. Hakungoja hata pumzi moja, akageuka. "Amenyamaza. Twende."

Nikamzuia kwa mkono. "Ngoja."

Ndani nilisikia sauti ya mke wangu, ndogo, lakini naijua. "Sema, mdogo wangu. Sema kwa sauti." Na kisha sauti ya yule mtoto, inatetemeka lakini iko wazi: "Sitaki. Nataka kurudi shule."

Nilimtazama katibu. Katibu akatazama sakafu.

"Umesikia," nikamwambia.

"Nimesikia kilio. Mabiarusi wote hulia." Akanishika mkono wa kanzu pale kwenye ukumbi, akaninong'oneza, "Bwana we, fikiria kazi yako. Fikiria timu. Tukibaki naye msimu huu tunapanda daraja, na sifa ni zako."

Nakiri, hiyo ya kupanda daraja iliniuma. Nilikuwa na hamu nayo. Lakini tulipofika sebuleni na yule bwana akafungua kinywa chake, akasema kwa sauti ya kuzoea, "Amenyamaza, sheikh. Ameridhia," nilichemka.

"Muongo!" nikapiga kelele. Kahawa ya mtu ikamwagika. "Muongo mkubwa huyu! Binti amesema hataki! Amesema anataka kurudi shule, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili!"

Mkwe wangu alikuwa bado anatabasamu, maskini, tabasamu limemgandia. Akamwambia sheikh mimi nina chuki zangu za zamani. Sheikh hakubishana. Aliinuka, akaenda mlangoni mwenyewe, akauliza mwenyewe. Aliporudi hakukaa. Alitafuta makubazi yake. "Binti hataki. Mimi siozeshi mtu asiyetaka," akasema, akatoka akawapita wapiga ngoma.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya yule mzee ikipanda kwa mara ya kwanza. Aliniita mbwa. Alisema amenilisha, amenivisha, ameniokota Mambrui. Nami nikamwambia yote, mbele ya watu, fungate yangu, jezi zilizotoboka, kopo la nje. Sikubakisha. Nilifukuzwa kazi na timu pamoja, kwa pumzi moja. Kijana alivua kofia akaniangalia kwa macho mekundu. "Umeniaibisha, kocha, na baba yangu ameona," akasema. Jumamosi asubuhi alikwenda Mombasa, njumu zake begani, bila kuniaga. Shemeji yangu alikuwa amesharudishwa shule siku iliyotangulia. Dadake ndiye aliyempeleka, mkono kwa mkono mpaka langoni.

Jumamosi ile alasiri nilikaa uani na redio yangu. Sina kazi, sina timu, na nilikuwa najiona jogoo. Mke wangu alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikaanza kujisifu. Nimemkomesha babako. Nimemwokoa kijana, muda huu yuko uwanjani. "Laiti siku yangu angekuwapo mtu mmoja kama mimi," nikasema. "Mmoja tu wa kusema hapana. Wote walikaa wakanitazama nikifungwa."

Mkono wake ukasimama kwenye nazi.

"Siku ile waliporudi kutoka mlangoni kwangu, walisema nini?"

"Walisema ulinyamaza. Si ndivyo desturi?"

"Sikunyamaza."

Redio ilikuwa inasema kitu. Sikumbuki ni nini.

"Nilisema sitaki," akasema. "Nikarudia mara ya pili, kwa sauti. Nilikuwa nimekubaliwa chuo cha wauguzi, huko huko Mombasa unakokulilia kila Jumamosi. Katibu alicheka. Ami akasema mtoto ana haya. Na wewe ulikuwa sebuleni, na nyumba ile unaijua, ukikohoa jikoni wa sebuleni anasikia."

"Wallahi sikusikia," nikamwambia. Na ni kweli, sikusikia. Nilikuwa nawaza Mombasa. Nilikuwa nawaza shingo inavyoniwasha.

"Mimi nilidhani ulisikia. Miaka yote hii nimekuhesabu pamoja nao." Aliokota kizio kingine cha nazi, akakipangusa kwa kiganja. "Ndiyo maana nikakwambia uwe shahidi. Nilitaka kujua, ukisikia, utasema au hutasema."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma lile duka la boriti na mwenyewe ndani. Nilisimama nayo pale uani, goti linaniuma, sijui niipeleke wapi. Kwenye redio mtangazaji alianza kupandisha sauti, mtu ameingia kwenye eneo la hatari, anageuka, anapiga. Nilinyoosha mkono nikaizima, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamuuliza chuo chenyewe kilikuwa upande gani wa Mombasa.

Akaniangalia. "Leo ndiyo unaniuliza?" akasema, akaendelea kukuna.